Shati Jeupe Chini ya Dirisha

Siku ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe la kanisani, nikidhani nimepata kazi ya heshima. Fundi Mkuu alinitazama, akacheka mpaka akakaa chini. "We Msukuma, umekuja kuoa au kufanya kazi? Haya, litunze. Litapata kazi yake."

Hapo ni ziwani, enzi zile wilaya yetu ya Biharamulo haijagawanywa, bado inafika majini. Tulikuwa na mashua kuukuu ya tanga, yenye kijumba cha mbao na madirisha ya vioo. Ilipeleka dawa visiwani, na madirisha yalikuwa yanavuja. Mwenye mashua alishachoka. "Maboksi yakilowa tena, naipasua kuni," alisema. Fundi Mkuu alikuwa amezeeka na ile mashua, na maneno hayo yalimkosesha hamu ya kula.

Nyie vijana, dirisha likivuja mnapaka gundi kwa nje, mnajisifu. Upuuzi mtupu! Sisi tulilitoa lote, fremu na kioo. Tulikwangua gundi ya zamani, tukaacha mbao ikauke kabisa, ndipo tukalaza gundi mpya kingo zote. Skrubu hazikazwi kwa pupa, maana gundi yote itakamuliwa nje na maji yatapita. "Kaza kidogo, ngoja ishike, ndipo umalizie," Fundi Mkuu alirudia mpaka masikio yakauma.

Kisha ikaja desturi yake. Aliyeziba hukaa ndani, chini ya dirisha, na shati jeupe, kwa kuwa maji yakipenya hubeba kutu ya skrubu, na kutu haijifichi kwenye nguo nyeupe. Niliingia mimi. Mwenye mashua alisimama nje, mikono nyuma. Fundi Mkuu akamwaga ndoo baada ya ndoo, halafu akagonga kioo.

"Vipi huko ndani?"

"Pakavu, Mkuu!"

Nilipotoka alinigeuza, akanikagua mabega na mgongo. Doa hakuna. Mwenye mashua akasema tu, "Basi, pakieni dawa." Fundi Mkuu, mzee wa watu, alilia waziwazi.

Sasa nimestaafu, niko kijijini Nyarubungo, mbali na maji, na mihogo yangu na ng'ombe. Fundi Mkuu tulishamzika. Ardhi ya huku ni nzuri, lakini jamani, nalikumbuka mno lile ziwa! Mvua ikinyesha navaa lile shati, nakaa chini ya dirisha la nyumba yangu, nililoliziba mwenyewe. Mke wangu hunung'unika, "Baba Masanja, watu watasema umechanganyikiwa."

Waache waseme. Mvua inamwaga, inapungua, inakatika. Nasubiri kioo kigongwe. Hakigongwi.

"Pakavu, Mkuu," nasema hata hivyo.