Wimbo wa Kukata Kamba

Enzi zetu za Najma, pale Doha, kabla simu hazijaota kwenye viganja vya watoto, mchezo mkubwa kuliko yote ulikuwa kulisha meli. Binamu zetu Kenya walikuwa na kati, ya kukwepa mpira, na bano, ya gololi. Sisi tulikuwa na mpira mrefu wa kupitishia maji, kamba ya kuanikia nguo na ujinga wa kutosha. Wawili mnatembea sambamba kwenye kichochoro nyuma ya duka la mkate, hatua kwa hatua, bila kukaribiana na bila kuachana, mpira katikati yenu. Mmoja ni meli ya mafuta, mwingine ni manowari. Ukimkanyaga mwenzako, umezamisha meli, unatoka. Ukimtangulia mpira ukachomoka, umemwaga mafuta baharini, unatoka na unachekwa mpaka Maghrib.

Mchezo huo aliuleta Baba. Alikuwa serahangi, yaani mkuu wa mabaharia wa sitahani, kwenye meli ya kubeba mafuta na maji ya kulisha manowari zikiwa katikati ya bahari. Mama alikuwa muuguzi, na sisi tuliishi Doha kwa ajili ya kazi yake. Baba alikuwa wetu meli ilipotia nanga, na wa bahari siku zilizobaki. Baba alitoka Rabai, Mama alitoka Murang'a, na Mama ndiye aliyeipa ile meli jina la Shosho, yaani bibi kwa Kikuyu, kwa kuwa ilikuwa nzee na ya mwendo wa pole kama mama yake mzazi, na kwa wote wawili hakuna aliyeondoka bila kula.

Historia ya Shosho tuliijua kuliko historia tuliyofundishwa darasani. Ilijengwa nchi za baridi, na ujana wake wote iliumalizia kazini kwenye bahari ambazo kamba hugandia mikononi. Baadaye ikauzwa, ikabadilishwa rangi na jina. Ikauzwa tena, ikapewa jina la tatu, ikakodishwa kwenye maji yetu ya Ghuba. Siku ya wageni bandarini Baba alinibeba begani nikapapasa ubavu wa meli, na chini ya rangi ya kijivu vidole vyangu vikayasikia majina ya zamani, herufi za chuma zilizochomelewa na hakuna aliyejisumbua kuzing'oa. Baba alisema manowari ni wanaume wa suti, watu wote huwapiga picha, lakini bila Shosho hawafiki hata kona ya pili. Mara moja tu ilishangiliwa yenyewe, ilipopeleka maji ya kunywa kwenye kisiwa kilichopigwa na kimbunga. Akisimulia hiyo sauti yake ilibadilika kidogo.

Nyumbani kwetu kila kitu kilifuata sheria za Shosho. Meli mbili zikienda sambamba, kwanza inarushwa kamba nyembamba yenye kifundo kizito. Ikidakwa, kamba nyembamba inavuta kamba nene, kamba nene inavuta waya, waya unavuta mpira. "Usimrushie mtu mpira, utamuua," Baba alikuwa akisema. "Mrushie uzi kwanza." Kwa hiyo mimi sikumwomba Mama viatu vipya hivi hivi. Nilianza na uzi: Mama, kazini kulikuwaje? Mama, nikukande miguu? Siku hizi mtoto anakutumia picha ya kiatu kwenye simu, bila salamu, kisha anakuuliza mbona umesoma hujajibu.

Na tulikula, jamani. Mkate wa moto uliotupwa na mwokaji kupitia dirishani, tukiupokea kwa ncha za vidole na kuupuliza njia nzima. Chai ya karak yenye maziwa mazito na iliki, iliyotuacha na masharubu. Unga wa ugali ulifika ndani ya sanduku la mtu aliyetoka likizo, umefungwa katikati ya nguo zake, na Mama aliuficha juu ya kabati na kuutoa Baba aliporudi tu. Ndiyo maana mpaka leo nikisikia harufu ya ugali ukianza kushika chini ya sufuria, nasubiri mlango ufunguliwe. Vijana wa sasa wanaletewa ugali na pikipiki, na wanalalamika kwamba umepoa.

Lakini kilichotutofautisha na nyumba nyingine zote za Najma ni wimbo. Manowari ikishashiba, mpira unarudishwa, kamba zinakatwa, yaani zinaachiliwa, na kabla ya kuachana kila meli inapiga wimbo wake kwenye vipaza sauti. Wa Shosho ulikuwa dansi la zamani la magita, alilolichagua Baba mwenyewe, na kaseti yake nyingine ilikaa kwenye redio ya jikoni kwetu. Akiondoka, hakukuwa na kuagana mlangoni wala machozi. Alibeba begi, akashuka ngazi, na Mama akabonyeza kitufe. Baba alicheza kutoka orofa ya tatu mpaka barabarani, begi kichwani, majirani Wafilipino wakipiga makofi. Sheria ilikuwa moja: wimbo haupigwi mpaka mwenzako ashibe. "Ukimwacha na njaa," alisema, "hapo hamjaagana. Umetoroka."

Sheria hiyo ndiyo iliyotuponza mimi na Birungi. Birungi alikuwa rafiki yangu Mganda, binti wa mwalimu wa chekechea, aliyeishi jengo la pili. Paa lake na letu yaliachana kwa upana wa kichochoro, na kuta zake zilitufika kidevuni. Ijumaa moja asubuhi, watu wakijiandaa kwenda kanisani Mesaimeer, maana Doha ibada kubwa ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko, tulipanda kila mmoja paani kwake tulishane kweli. Nikafunga kitunguu kwenye kamba ya kuanikia nguo, nikarusha. Vitunguu vya Mama viliishia kichochoroni karibu vyote kabla Birungi hajadaka kimoja. Akavuta kamba, kamba ikavuta mpira, nami nikafungulia tangi la jengo letu. Maji yakaenda. Tulipiga vigelegele.

Birungi akasema ameshiba. Sasa hapo tukakwama, kwa sababu hatukuwa na wimbo, na bila wimbo meli haikati. Mtoto mwingine yeyote duniani angefunga bomba. Sisi tulikubaliana kwa heshima zote kwamba maji yaendelee huku kila mmoja akitafuta redio. Mimi nilikuta uji mezani na katuni kwenye televisheni. Birungi naye alikutana na mama yake ameshika kitana.

Aliyetuzindua ni haris, mlinzi wetu wa jengo, mzee wa Kisudani aliyegonga kila mlango akisema, "Moya mafi! Moya mafi!" Maji hakuna. Jengo zima lilitoka kwenye ngazi na taulo na ndoo, watu wana povu masikioni, wakilisubiri lori la maji. Mama alikwenda Mesaimeer na sabuni kichwani, amejifunga kitambaa, na ilipofika zamu ya kuimba na kuruka, vipande vyeupe vilianza kumdondoka mabegani mbele ya Wakenya wote wa Doha. Usiku wake Baba alipiga simu kutoka bandari ya mbali. Mama akamsimulia kwa ukali, kisha tukasikia swali: "Lakini mpira haukuvuja?"

Halafu sheria za bahari zikabadilika. Meli za mafuta za ngozi moja, zenye ukuta mmoja tu wa chuma kati ya mafuta na bahari, ziliambiwa zipumzike, na Shosho ilikuwa na ngozi moja. Baba alitakiwa aipeleke safari ya mwisho, kwenye ufuo ambako meli hukatwa vipande. Akishaifikisha alikuwa na njia mbili: meli mpya kubwa, kwenye bahari za mbali ambazo angerudi nyumbani kwa nadra, au karakana moja ya Industrial Area, hapohapo Doha, iliyomtaka atengeneze mipira na winchi. Nilijua anachokipenda. Mtu aliyezoea upepo wa sitahani utamfungia vipi kwenye karakana ya mabati? Niliogopa.

Asubuhi ya kuondoka Baba alibeba begi, akashuka ngazi moja, akasimama kusubiri magita. Kimya. Mama alikuwa jikoni, mikono kifuani, kando ya redio.

"Mama Neema," Baba akaita, "kaseti imekatika?"

"Kaseti nzima."

"Mbona hupigi?"

"Si ni wewe ulisema wimbo haupigwi mpaka mwenzako ashibe? Nyumba hii haijashiba, Baba Neema. Wewe nenda ukamzike Shosho wako. Lakini sisi hatujakata kamba."

Baba alishuka zile ngazi polepole, begi begani kama mtu mwingine yeyote. Jioni tulikwenda Corniche kuitazama Shosho ikitoka, ya kijivu, imeinuka juu majini kwa kuwa haikuwa na cha kumpa mtu tena. Mama alinishika mkono mpaka ikapotea. Tulikunywa karak, tukarudi nyumbani.

Wiki zilipita. Siku moja baada ya Maghrib nilikuwa nakunja nguo chumbani, dirisha wazi, kitu kizito kikaingia na kuangukia godoro. Kilikuwa kifundo cha kamba, na nyuma yake uzi mwembamba ulioshuka mpaka barabarani. Nikachungulia. Baba alikuwa amesimama kando ya duka la mkate, begi miguuni, ameshika ncha ya pili. Kwenye Shosho nzima alikuwa amechukua kamba ile tu. Nilipiga kelele, Mama akaja mbio na mwiko mkononi, akatazama chini, akautazama uzi, kisha akaanza kuuvuta taratibu, mkono juu ya mkono, na Baba akapanda ngazi akiufuata huku anacheza bila wimbo wowote. Unga ulishuka kutoka juu ya kabati usiku uleule. Jumatatu yake alipanda basi la kampuni kwenda Industrial Area, na akaenda hivyo miaka yote niliyobakia mtoto, akinuka grisi, akirudi kila jioni.

Leo wazee wamerudi Rabai, na mimi ndiye niliyebaki Doha. Najma yetu majengo mengine yameshavunjwa, na vijana wanaagana kwa kidole gumba cha rangi ya njano kwenye simu, wengine hawaagani kabisa, wanapotea tu hewani. Baba kakataa. Tukiongea kwa video, kaseti inakaa karibu yake kwenye redio ileile, na simu haikatwi mpaka magita yalie. Juzi nilikuwa nimechelewa kwenda kazini, nikamwambia, "Baba, piga wimbo niende." Akapeleka kidole kwenye kitufe, akakiacha hapo, akanitazama.

"Umeshiba?"

Nikavua viatu, nikakaa. "Bado," nikasema.