Kiini Macho Kwenye Majaluba ya Ipililo

Enzi zetu hatukuhitaji umeme ili tuwe watemi. Nasema hivi kwa sababu kila Jumamosi sebule yangu hapa Bariadi hutekwa na kijana wa kaka yangu Masanja na wenzake wa chuo. Wanazunguka meza yangu na karatasi zao na dadu zenye pande nyingi, na mmoja wao anasimulia kwa sauti ya kukoroma habari za mapango na majoka. Umeme ukikatika, ufalme umeanguka. Wanakaa wakilalamikia chaji mpaka bodaboda alete chipsi mayai. Juzi nilimsikia mmoja akiwafundisha wenzake jinsi uchawi wa kiini macho unavyofanya kazi humo mchezoni. Joka la uongo haliwezi kukuunguza, akasema, lakini ukiliamini utakimbia na kutumbukia shimoni, na shimo ni la kweli. Alisema kwa majivuno utadhani yeye ndiye aliyegundua moto.

"Shangazi, umeelewa?" kijana wetu akanigeukia.

Nimeelewa! Sisi hayo tuliyafanya kamasi zikitutoka.

Wa rika langu mtakumbuka ule wakati mpunga unapoanza kukaza punje. Kule kwetu Ipililo, Maswa, ukoo wetu ulikuwa na majaluba ya mpunga kule chini mbugani, kwenye udongo mweusi unaomvua mtu kandambili na kubaki nazo. Shule ikitoka, hakuna kupumzika. Tunapewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye kibakuli, tunashuka kuamia ndege. Kwelea walikuja kama moshi. Ukizubaa kidogo, umewalisha wao chakula cha nyumba nzima. Tulipiga madebe, tulirusha madongo kwa fito, tulipiga kelele mpaka sauti zikapotea, na jioni mama alitupokea kwa matobolwa ya viazi na maziwa ya mgando na swali moja tu: "Wamekula wapi?" Hakuuliza kama wamekula. Leo mtoto akiosha kikombe chake anataka kupigwa picha.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alisimika sanamu katikati ya mpunga: fito mbili, koti lake bovu na kofia ya pama. Siku za kwanza ndege wakiliona hilo koti waligeuzia angani. Kisha siku moja ndege mmoja, mdogo kabisa, akatua juu ya kofia. Akajikuna. Kabla hatujainua debe, kundi zima lilikuwa limeshashuka.

"Mmeona?" akasema Holo. "Wanaogopa mpaka mmoja aguse."

Holo alikuwa binti wa baba mkubwa, na kwetu huyo ni dada, hakuna cha binamu. Alinizidi miaka miwili na akili za watu watatu. Ndiye aliyebuni mchezo wetu wa utemi. Kila mtu alikuwa na cheo chake: Masanja alikuwa mlinzi wa boma, mimi nilikuwa mganga, watoto wa jirani walikuwa wezi wa ng'ombe. Holo alikuwa mwenye mchezo. Alikaa juu ya tuta akatuambia, "Mmefika mtoni. Mto umejaa, na ng'ambo kuna watu wenye mikuki. Mnafanyaje?" Nasi tukasema tunachofanya. Palipo na ubishi tulirusha punje za mahindi tulizozichoma upande mmoja. Nyeusi zikiwa nyingi umeshinda, nyeupe zikiwa nyingi jitegemee.

Baada ya yule ndege, Holo akaingiza kiini macho kwenye mchezo, na sheria zake akazisema mara moja, nasi tukazishika kama sala ya Baba Yetu. Kiini macho hakikai hewani, alisema, kinataka kitu cha kweli cha kukalia. Ukitaka ngao, shika hata jani la mgomba. Ukitaka chatu, lazima iwepo kamba. Bila hicho, unaropoka tu. Anayeonyeshwa akijibu "naona," basi amefungwa, ataishi na chatu huyo mpaka atakapogusa. Na kugusa kuna hatari yake, maana akiwa chatu wa kweli umekwisha. Ndiyo maana wengi hawagusi. Mwenye kiini macho naye haruhusiwi kucheka, wala kukiamini mwenyewe. Na mmoja akishagusa akatangaza, wote wamefunguliwa, mchezo unasimama, tunaanza upya.

Tulicheza hivyo misimu mitatu. Masanja aliwahi kukimbia "moto" wa Holo, ambao ulikuwa khanga nyekundu ya mama, mpaka akaingia kwenye mfereji na kupoteza jino. Nyumbani alisema ameteleza. Tulikuwa tunacheka mpaka kwelea wanakula wanashiba, kisha tunachapwa, kisha kesho tunacheka tena. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nasema hivi nikiwa mtu mwenye nyumba ya bati na friji.

Sasa nifike ninapotaka kufika, maana utamu wote huu una shubiri chini yake.

Holo alimaliza darasa la saba na akafaulu. Wasichana waliofaulu shuleni kwetu mwaka ule hawakujaza benchi moja. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani mwenyewe, akampa baba mkubwa mkono, akapewa kuku. Wiki chache baadaye baba mkubwa akatutangazia kwamba Holo hatasoma shule ya hapa karibu. Atakwenda Mwanza, akae kwa shangazi yetu, asome shule nzuri ya mjini. Akamnunulia sanduku la bati la bluu na kufuli lake. Akamshonea sketi ya shule na mashati mawili. Mama mkubwa alimvalisha Holo ile sketi akamzungusha uani, majirani wakaja kutazama, wakapiga vigelegele. Mwalimu mkuu naye aliambiwa hivyo hivyo, akasema heri, mtoto amepata bahati.

Siku zile zile zizi la baba mkubwa liliongezeka ng'ombe. Alisema ni wa hela za pamba. Mwaka ule pamba ilikuwa imekubali, kila mtu alikuwa amenunua kitu, wengine baiskeli, wengine bati. Nani angebisha? Kwetu mahari haifichwi. Wazee wanakaa, wanabishana mtamba kwa mtamba mpaka jasho linawatoka, na hata mtoto anayepita na ndoo ya maji anajua ni binti gani anayezungumzwa. Hakukuwa na kikao. Hakuna aliyekaa, hakuna aliyebisha, pombe haikupikwa. Kwa hiyo hapakuwa na ndoa. Ndivyo tulivyofikiri wote.

Holo aliondoka asubuhi, sanduku kichwani mwa mama yake hadi barabarani. Aliniachia daftari zake tupu na kalamu ya risasi. Nilimwonea wivu mno.

Masanja ndiye aliyegusa. Mwaka mmoja na kitu baadaye alipelekwa Mwanza kutibiwa jicho, akafikia kwa shangazi. Akamuuliza Holo yuko wapi, yuko shule? Shangazi akamshangaa. "Holo? Holo gani aje kwangu? Hajawahi kukanyaga hapa." Masanja alirudi Ipililo akiwa na bandeji usoni, akasimama mbele ya baba mkubwa mbele yetu sote, akamuuliza.

Baba mkubwa alikuwa anakula. Alimaliza tonge, akanawa. "Nyamaza," akasema. "Ng'ombe wameshazaa."

Ni hapo tulipojua. Holo alishushwa Nyashimo, njiani, akakabidhiwa kwa mwanamume mwenye mashamba na mke mwingine tayari. Kikao kilifanyika huko huko, ugenini, wazee wa upande wetu wakiwa wawili. Kama ingejulikana kwamba mwanafunzi aliyefaulu ameozwa, kungekuwa na kesi. Kwa hiyo walimfunika na Mwanza. Na hawakumfunika na maneno matupu, walimfunika na sanduku na sketi. Sheria ya Holo hawakufundishwa na mtu. Walikuwa wakubwa, walijua.

Nilikuja kumwona Holo nikiwa mtu mzima, kwenye barabara ya Musoma, anauza mchele na nyanya. Alikuwa na watoto watano. Tulisalimiana kwa kirefu, "Mwangaluka," "Mwangaluka mayu," kama watu wanaoogopa kufika kwenye jambo lenyewe. Mwishoni nikamuuliza kama hakushuku, yeye, mwenye mchezo.

"Nilijua," akasema. "Ng'ombe wa minadani huja wamechanganyika, huyu kakatwa sikio hivi, huyu vile. Wale wote walikuwa na alama moja. Wametoka zizi moja. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Mama alikuwa ananizungusha na ile sketi, bebe, wewe hukumwona alivyokuwa anacheka? Nikasema labda. Labda ni kweli na mimi ndiye nina roho mbaya." Akampimia mteja mchele. "Sketi niliivaa kulimia mpaka ikaisha."

Nakiri niliondoka pale na hasira ambayo haijatoka hadi leo. Watu wananiambia nisamehe, wazee wetu hawakujua, ndivyo zilivyokuwa enzi. Asiyejua hafichi. Asiyejua haendi kununua kufuli.

Baba mkubwa alifariki mwaka jana. Tulirudi Ipililo wote, na Holo alikuja na watoto wake. Mazishi yalikuwa makubwa: maturubai, vipaza sauti, kwaya ya kanisa na sare zao. Msemaji wa familia, kijana wa ukoo aliyezaliwa baada ya mambo haya yote, alimsifu marehemu kwamba alikuwa mbele ya wakati wake, mzee wa kwanza kijijini kumpeleka binti kusoma Mwanza. Hakuwa anadanganya. Ndivyo alivyosimuliwa tangu utotoni. Akasema, "Na kwa kuwa dada yetu huyo msomi tunaye hapa, tunamwomba atusomee wasifu wa marehemu."

Watu wakapiga makofi. Holo akasimama, akajifunga khanga vizuri, akapokea karatasi. Alisoma vizuri, sauti ile ile ya juu ya tuta. Alizaliwa, alibatizwa, alioa, alilima pamba. Akafika penye watoto. Akasoma, "Aliwapenda wanawe wote, akawasomesha, na binti yake Holo..." Akaishusha karatasi.

"Mimi nimeishia darasa la saba," akasema kwenye kipaza sauti. "Sikufika Mwanza. Baba aliniambia naenda shule, nikaozwa Nyashimo. Sketi ya shule nilikuwa nimeivaa mwilini."

Hakulia. Alisema kama mtu anayeeleza njia. Mimi nilisimama, nikasema, "Ni kweli," na nikaona Masanja naye anasimama upande wa wanaume. Mama yangu akanivuta gauni. "Kaa chini, usitutie aibu." Wazee wakatazama viatu vyao. Kwa muda mfupi sana nilidhani sasa imetosha, sasa watu watageuka watazamane.

Mchungaji akamfikia Holo, akamtoa kipaza sauti mkononi kwa upole, akamshika bega. "Ndugu zangu, dada yetu uchungu umemzidi," akasema. "Mnajua alivyokuwa kipenzi cha baba yake. Tumwombee." Vichwa vikainama chini ya turubai zima. Baada ya amina kwaya ikaimba, na kina mama wakamkalisha Holo kwenye mkeka, wakampa soda, wakampepea. "Pole mayu, pole msomi wetu."

Vijana wangu sebuleni wananicheka kwamba najifanya enzi zetu zilikuwa bora. Hazikuwa bora. Tulichapwa, tulilala na njaa, tuliogopa wakubwa kuliko fisi. Ninachokililia ni kidogo tu. Kule majalubani, mtoto yeyote, hata yule mdogo wa jirani aliyekuwa hajui kuhesabu, akisema hii siyo ngao, hili ni jani, basi mchezo ulisimama. Tulikuwa tunamwamini palepale. Leo tuna mvi, tuna vipaza sauti, na mwanamke mzima amesimama mbele ya ukoo wake akasema maisha yake mwenyewe, tukamwombea apone.