Nilirudisha waya, baba akafa bila kuona treni ikipita Uvinza

Admin, ficha jina langu na la shule ninayofundisha, mengine yaache yalivyo. Mimi ni mwanaume wa miaka 39, mwalimu wa fizikia hapa Kasulu, nina mke na watoto wawili. Baba yangu amefariki mwezi uliopita na tangu siku hiyo sijalia. Watu wananisifu kwamba nimejikaza kiume. Sijajikaza, sisikii kitu tu. Nakula, nafundisha, nasahihisha madaftari, nalala.

Baba alikuwa mtu wa reli. Kwa miaka mingi alikuwa anageuza njia pale Uvinza ili treni zipishane, akastaafu akarudi kwetu Kumsenga, huko Kibondo, ambako hakuna hata harufu ya reli. Alipoanza kuumwa figo nikamleta kwangu awe karibu na hospitali ya Kabanga. Akawa anashinda sebuleni anaangalia ukuta. Sasa mimi nilikuwa na treni ndogo ya kuchezea, ile ya umeme yenye reli zake, niliyoachiwa na mzungu mmoja aliyekuwa anafanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu alipomaliza mkataba. Ilikaa kwenye boksi miaka mitatu. Nikaitoa, nikanunua plaiwudi nzima, tukaanza kuipanga. Baba akachangamka, huwezi kuamini. Aliandika stesheni kwa mkono wake mwenyewe, Tabora, Kaliua, Uvinza, Kigoma, na kona ya Kaliua nilipoiweka vibaya akanigombeza kama mtoto. Mke wangu alikuwa anatutania kwamba siku hizi analea watoto wanne.

Tatizo likawa waya. Nilitumia waya mwembamba wa simu, kutoka kwenye betri ya sola mpaka kwenye reli, sehemu moja tu. Treni ikitoka Tabora inakwenda vizuri, lakini kadiri inavyokwenda mbali umeme unapungua, ikifika Uvinza inasimama. Baba alicheka, akasema hata ile kubwa ilikuwa inalala hapo hapo. Dawa yake naijua, ndiyo kazi yangu. Unapitisha waya mnene chini ya ubao kufuata njia yote, na kila baada ya vipande viwili vya reli unapandisha waya mfupi wa kulisha umeme, unauunga kwa konekta za skrubu. Siyo kusokota kwa vidole na kuyeyushia mfuko wa nailoni kama wanavyofanya mafundi wetu. Nikamwagiza rafiki yangu, dereva wa lori anayepeleka mizigo kutoka Kigoma kwenda kambi ya Nduta tangu ilipofunguliwa tena kwa ajili ya Warundi.

Akaleta. Unene ulikuwa ule ule niliosema, lakini ulikuwa waya wa kujengea nyumba, uzi mmoja mgumu, siyo ule laini wa nyuzi nyingi. Jamani, ungefaa. Sijawahi kumwambia mtu yeyote zaidi ya mke wangu, ungefaa kabisa. Treni haijui kama waya ni mgumu au laini. Ila mimi nina tabia ya kutaka kitu kikae sawasawa, wanafunzi wangu wananijua, nikaanza kulalamika kwamba huu utasumbua kuupinda na utalegeza konekta. Baba alikuwa amekaa pale pale. Akaniambia taratibu, akiniita mwanangu kwa Kiha chetu,

"Funga huo huo, mwana wanje. Nataka niione ikipita Uvinza."

"Subiri wiki moja, baba. Nikufungie kitu cha uhakika."

Hakubisha. Alisema "haya," akageukia dirishani. Nikamrudishia dereva waya wake akaubadilishe.

Wiki haikuisha. Baba alizidiwa Jumanne, Alhamisi akafariki, tukampeleka Kumsenga kumzika. Siku ya pili ya matanga lori likasimama barabarani. Dereva alikuwa amepita kwangu Kasulu, majirani wakamwambia tuko msibani, na kwa kuwa alikuwa anaelekea Nduta akaja kutoa pole. Mkononi ana waya, laini, mwekundu na mweusi, na pakiti ya konekta. Kabla sijafungua mdomo shemeji yangu akaupokea na kumshukuru, akidhani umeletwa kwa ajili ya taa za msiba. Jioni ile waya wa treni ya baba ulikuwa umetandazwa kwenye turubai, jenereta inanguruma, taa zinawaka, wanawake wanaimba. Mimi nilikuwa natazama zile konekta, nakagua kama shemeji amekaza skrubu vizuri. Hicho ndicho nilichofanya kwenye matanga ya baba yangu.

Tulipoanua matanga waya ukaviringishwa, nikakabidhiwa. Nimeshaufunga wote hapa nyumbani. Imebaki konekta moja, ya kwenye betri, sijaigusa.

Juzi mama amenipigia simu. Anasema baba akimpigia simu huko Kumsenga alikuwa hamwambii kitu kingine isipokuwa hiyo treni, kwa hiyo Jumapili anakuja Kasulu aione ikizunguka kwa niaba yake. Halafu akaniambia, "Pole mwanangu. Najua ulihangaika, waya ndio uliochelewa." Ndugu wote wanaamini hivyo, nami nilinyamaza. Mke wangu anasema nizidi kunyamaza, mama ni mzee, kumweleza ni kumtonesha kidonda. Lakini nikimuona akilini mama anapiga makofi treni ikipita Uvinza, halafu ananigeukia kunishukuru, nashindwa kumalizia hiyo picha.

Leo ni Ijumaa. Ndugu zangu, nimwambie mama kwamba waya ulifika, baba akaniomba, nikaurudisha? Au nikaze hiyo konekta moja nikae kimya? Nishaurini. Naomba msinitukane sana. Au nitukaneni tu, labda nitasikia kitu.