Bonasi ya Dashwood

Ndugu yangu Fred Angwenyi ana mashina elfu mbili ya chai hapa Itumbe na kichwa kigumu alichorithi kwa baba yetu. Najua ugumu wake kwa sababu nami nilipata fungu langu. Nimeolewa ng'ambo ya mto tu, kwa hiyo kila upuuzi anaoufanya hunifikia ungali moto.

Huu wa kadi ulianza Aprili, na aliyeuleta ni mwanangu Eric, anayefanya kazi kwenye ghala huko Minnesota. Alimpigia mjomba wake simu akamweleza kwamba Marekani watu hununua kadi za wachezaji wa besiboli. Kadi zenyewe hazishikiki, zinakaa ndani ya simu. Mchezaji aking'ara, kadi yake inapanda bei, nawe unaiuza. Eric angemsaidia kununua ya mrushaji mmoja aitwaye Dashwood.

"Ziko kumi tu dunia nzima, mame," alisema. Ndivyo sisi Abagusii tunavyomwita ndugu wa mama.

Fred hakuwa na pesa. Mwenye mali pale ni mkewe, Mokeira, aliyekuwa na mtamba mwenye mimba changa, aliyemnunua kwa ndizi alizouza miaka minne. Mokeira aliwaza siku tatu, halafu akakubali. Mtamba akaenda kwa jirani yao Ondieki, aliyewapa pesa, kwa makubaliano yaliyofanywa mbele yangu: wakirudisha pesa kabla hajazaa, wanamchukua. Akishazaa, ni wa Ondieki kabisa.

"Huyo mzungu wako simjui," Mokeira alimwambia mumewe. "Namjua ng'ombe wangu. Nirudishie."

Basi tukaanza kuishi na Dashwood. Kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma, Fred alimtazama kwenye simu asielewe kitu. Mimi pia sikuelewa, wala sioni haya kusema. Mtu anarusha mpira, mwenzake anaukosa kwa rungu, na kule kukosa kwa mwenzake ndiko kunampa Dashwood alama. Kisha anakaa siku nne bila kugusa mpira. Fred akadhani anaumwa. Akapeleka ombi kanisani, nasi Sabato hiyo tukapiga magoti kuombea bega la mtu ambaye kumbe alikuwa amepumzika tu.

"Ni kawaida, mame," Eric alimweleza. "Mrushaji hupumzishwa."

"Siku nne? Na mshahara unaingia?"

"Unaingia."

Fred akachukua kikapu chake akaenda shambani.

Agosti, bei ya kadi ilikaribia mara mbili ya ile tuliyonunulia. Eric akapiga simu mbio mbio: uza leo, msimu unaisha Septemba, bei itaanguka. Mokeira alikuwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi. Pesa hizo zingemrudisha mtamba wake na kubakisha karibu bei ya mwingine. Alimtazama mumewe bila kupepesa.

Fred akakataa. Na hapa nataka nieleweke, maana watu wa mbali watasema ni ujinga. Sisi wa chai mwaka mzima tunalipwa vijisenti kwa majani tunayopeleka kituoni. Pesa yenyewe ni bonasi ya mwaka kutoka kiwandani, na bonasi hutoka Oktoba. Atakayeuza shamba lake Agosti amempa mnunuzi bonasi ya jasho lake, na kituoni watamcheka mpaka azeeke.

"Eric aliondoka hapa akiwa mdogo," Fred akasema. "Haijui Oktoba."

Nami, mama yake Eric, nikatikisa kichwa kukubali. Siwezi kulificha hilo. Niliona ndugu yangu ana akili kuliko mwanangu.

Oktoba ikaja. Bonasi ya chai ilikuwa ndogo, haikufika hata nusu ya ng'ombe. Fred hakutetereka. Aliketi nasi sebuleni, akampigia Eric, akaweka simu mezani ili sote tusikie.

"Eric, ya chai imeingia. Ya Dashwood inatoka lini?"

"Ya nini, mame?"

"Bonasi."

"Mame, kadi haina bonasi. Kadi ni ya kuuza. Saa hii hakuna mtu anaitaka. Wanatoa kama shilingi elfu tisa hivi."

"Lakini amefanya kazi mwaka mzima!"

"Amelipwa yeye, mame."

Fred akaichukua simu, akaigeuza, akaangalia upande wa nyuma. Nilimhurumia, na hapo hapo nilitamani kumzaba kofi. Na jingine nilijizaba mwenyewe, moyoni.

Juma lililofuata, asubuhi, Ondieki alituma mtu amwite Mokeira. Mtamba alikuwa na uchungu wa kuzaa na alimpiga teke kila aliyemkaribia. Mokeira akaacha chai mezani, akaenda. Nilipofika kwao nilimkuta Fred ameketi uani peke yake.

Mokeira alirudi saa nne, mikono imejaa damu hadi kwenye viwiko.

"Amezaa nini?" Fred akauliza.

"Jike. Mzuri. Alisimama mara moja. Wa Ondieki."

Fred akaanza kueleza kwamba msimu mwingine wa besiboli unaanza mwezi wa tatu. Mokeira akamnyooshea mikono yake, akamwambia ammwagie maji. Fred akachukua jagi, akammwagia. Maji mengi yakamwagika chini.