Kazi ya Somo

Binti yangu alikuwa na miaka saba na nusu alipoanza kuota matiti. Niliona nikimvisha sweta, nikajifanya sikuona.

Daktari alimpiga picha ya mkono, akasema mifupa imeutangulia umri wake kwa miaka miwili. Kuna sindano ya kusimamisha balehe, kila baada ya miezi mitatu. Niamue, ila nisichelewe. Jirani yangu Mchina, tunayetazamana naye milango hapa ughaibuni, kwenye maghorofa ya Dixon, akanipeleka kwa tabibu wao. Huyo alimshika mtoto mshipa wa mkono, akamtazama ulimi, akasema mwili una joto la ndani. Alitupa mizizi ya kuchemsha, akapiga marufuku kuku wa kukaanga. Nikaichemsha bila kumwambia daktari, na sindano nikawa naikwepa kwa visingizio.

Lakini kilichonibana hasa ni kingine. Kwetu Tanga mama hamwelezi bintiye mambo ya kuvunja ungo. Hiyo ni kazi ya somo, mwanamke anayechaguliwa kumfunda. Somo wa binti yangu ni wifi yangu, naye yuko Tanga. Nilipompigia simu alicheka.

"Wifi, mtoto wa miaka saba nimfunde nini? Subiri akue."

Nami, mpumbavu na adabu zangu, nikasubiri. Daktari akitaka kuzungumza, nilimtoa mtoto nje. Nyumbani nilimnywesha ile dawa chungu asubuhi na jioni, wiki tatu nzima, nikisema tu, "Kunywa, mwanangu."

Siku moja mwalimu wake akapiga simu. Mtoto amegawa vibandiko vyake vyote, kalamu za rangi, hata kofia yake ya pinki. Aliporudi nilikuwa jikoni, dawa inatokota. Nikamfokea, "Una wazimu? Nani kakwambia ugawe vitu vyako?"

Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba alitaka rafiki zake wabaki navyo akifa.

Nilizima jiko. Masikio yakiniwaka kwa aibu, nilimweleza yote: matiti, damu, sindano, na hii mizizi ambayo Jumatatu tutampelekea daktari aione.

"Kwa hiyo sifi?"

"Hufi. Unakua mapema tu."

Akaanza kulia, kwa hasira. "Nani alikukataza kuniambia?"

Nilitafuta mtu wa kumtaja, nikakosa.