Kiki Iliyomvunja Baba Mguu

Pale Mlowo walisema mtoto wa kiwete hatafika popote. Leo nina diploma ya ufundi mitambo na gereji yangu mwenyewe Tunduma. Juzi nilimkuta kijana wangu wa kazi akichonga kwa tupa bamba la kuwashia cheche ili liingie kwenye injini ya pikipiki. Nilimfukuza kazi palepale.

Harufu ile ya chuma na petroli ilinirudisha utotoni. Fundi wa jirani alikuwa akiing'oa platini, kifaa cha zamani cha kuwashia cheche, kwenye pikipiki ya baba na kufunga mfumo wa kielektroniki ulionunuliwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Alichonga bamba lake hivyohivyo huku akipiga mluzi, nami nikadhani analing'arisha. Baba alipopiga kiki, ilirudi kwa nguvu, na mguu ukalia kama bua kavu la mahindi. Nikadhani pikipiki imemkasirikia. Kumbe bamba halikukaa kwenye alama yake, na cheche iliwaka mapema mno.

Fundi alicheka. "Mzee, miguu yako imezoea shamba. Sasa hela yangu ya kufunga?"

Siku nilipowalipa wote waliotukopesha hela ya hospitali, nilimlipa na fundi yule hela yake ya kufunga. Kisha nikaomba maji, nikanawa mikono mbele yake.