Kofia Iliyotoka Pamoja na Nguo

Nilipoolewa nikahama kwetu Wawi kuja kukaa Chake Chake mjini, mwishoni mwa miaka ya hamsini, kitu kilichonipa furaha kuliko vyote kilikuwa kichochoro kimoja nyuma ya soko. Hakikuwa na jina la maana. Ukisema "nakwenda kule kwa vikuukuu," kila mtu alijua unakwenda wapi.

Upande mmoja wa kichochoro walikaa waliouza kazi za mikono yao. Alikuwapo bibi wa mikeka aliyekuja kutoka Vitongoji, fundi wa makubadhi, na bwana mmoja aliyegeuza makopo matupu kuwa koroboi. Upande wa pili, juu ya baraza ndefu, alikaa mzee wa vitu vilivyokwishatumika. Kwake ungepata mabirika ya shaba, vikombe vilivyopoteza visahani vyake, saa ya ukutani iliyosimama tangu haijulikani lini, majoho yaliyopauka, na kofia. Vingi vilitoka katika nyumba zilizofiwa. Warithi wakishagawana, kile kisichogawika huuzwa, na kilichouzwa huishia kwenye baraza ile.

Nilikuwa nikitoka baada ya alasiri, nimejifunga buibui langu, na mume wangu akinitania mlangoni, "Leo waleta nini? Jana birika, juzi kinu. Iko siku utaniletea mlango wa watu." Lakini akija kunywa chai kutoka kwenye birika lile, alikuwa akiligeuzageuza mwenyewe na kusema kazi kama hii haifanywi tena.

Ningependa msomaji kijana ajue namna tulivyokuwa tukinunua, kwa sababu kununua kule kulikuwa na elimu yake, na si elimu ngumu. Mkeka hauangaliwi kwa juu. Unaugeuza, unatazama pale ukili mmoja, ule utepe wa miyaa iliyosukwa, uliposhonwa na mwenzake, kisha unaubonyeza kwa kidole gumba. Ukilegea, aliyesuka alikuwa na haraka. Chungu unakigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kikilia vizuri, chukua. Kikikohoa, kina ufa usiouona. Na usione haya kugeuza kitu cha mtu. Muuzaji mwenye kitu kizuri hufurahi kikigeuzwa.

Bibi wa mikeka ndiye aliyenifundisha hayo, na hakunifundisha kwa upole. Siku moja aliniona nimesimama mbele ya mkeka wake mwekundu kwa mara nyingine tena.

"Wewe bibi harusi, mkeka huo umeutolea macho tangu skukuu. Waununua, au wangojea uzae kimkeka kidogo?"

"Naangalia tu, bibi."

"Kuangalia kunachakaza. Njoo ukae, nikuoneshe unachokiangalia."

Nikakaa. Tangu siku ile nikawa mtu wake. Akinisusia, akinisuta, akinipa kipande cha muhogo wa kuchoma, yote kwa mapenzi.

Kofia nazo zilikuwa na elimu yao, na hii niliijua kabla sijafika mjini, kwa kuwa dada yangu mkubwa alikuwa mshonaji. Kwa yule ambaye hajapata kumwona mtu akiishona, nitaeleza kidogo. Kitambaa cheupe hukunjwa mara mbili, huchorwa maua kwa penseli, kisha mshonaji hutoboa vitundu vidogo sana na kukizungushia kila kimoja uzi, mmoja baada ya mwengine, mpaka maua yote yajae. Hivyo vitundu ndivyo viua. Kofia moja huweza kumla mtu miezi. Mwanamke aliyemshonea mumewe kofia hakuwa na haja ya kumwambia neno jengine lolote, na mwanamume aliyevaa kofia ya mkewe siku ya Idi alitembea polepole makusudi, watu wapate kuiona.

Dada yangu alimshonea mumewe kofia moja tu ya namna hiyo. Nilikuwapo wakati akiishona, ukumbini kwao, mimi nikichambua mchele. Ilipobaki jani moja kumalizika, uzi ukamwishia. Tulitafuta uzi kama ule mji mzima tusiupate. Ule tuliopata ulikuwa mweupe wenye umanjano kidogo, kama maziwa. Akasema hakuna atakayeona. Mumewe aliona siku ile ile, akalifanya jani lile kuwa ndilo la mbele, juu ya paji la uso.

Shemeji yangu alikufa kwa homa iliyomchukua haraka. Sasa nieleze desturi, maana jambo lenyewe limesimama hapo. Kwetu, maiti akishazikwa, nguo zake hupewa yule aliyemwosha. Ni sadaka, na thawabu zake humfuata marehemu kaburini. Kwa kawaida familia huchagua: kanzu hii itoke, joho lile abaki nalo mtoto. Wifi wa dada yangu, yaani ndugu wa marehemu, alikuja chumbani alipokuwa dada amekaa eda, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Zitoke zipi?"

"Zote," dada akasema.

"Zote, mwenzangu?"

"Zote. Sitaki kuziona."

Wifi mtu akafanya alivyoambiwa. Alifungua kasha, akafunga mtumba, akaukabidhi. Kofia ilikuwa humo, imekunjwa ndani ya kanzu ya Idi. Hakuna aliyekosea. Mjane alisema kwa uchungu, na waliomsikia walimtii kwa heshima. Nimelifikiri jambo hili miaka mingi na sijamwona mtu wa kumlaumu, na pengine ndiyo maana haliniondoki.

Haukupita muda mrefu, nikaenda Wawi kumkagua dada, nikamkuta amekaa na mikono mitupu mapajani. Dada yangu hakuwa mtu wa mikono mitupu.

"Nimetoa kofia," akaniambia. Mwosha alikuwa mtu masikini mwenye watoto, na dada hakutaka aambiwe chochote. Kilichokwenda kimekwenda. Lakini nilijua kwamba katika nyumba ile yote, yenye vitanda na makasha na vyombo, alichokuwa akikitaka ni kitu kimoja.

Basi nilipoiona kofia ile juu ya baraza ya vikuukuu, moyo ulinipasuka kwa furaha. Ilikuwa imewekwa juu ya birika lililogeuzwa, jani la maziwa mbele. Mwosha, kama haki yake ilivyo, alikuwa ameziuza nguo ili watoto wale. Nikaishika, nikaigeuza ndani, nikauona mkono wa dada yangu kila mahali. Nikaanza kufungua pindo la kanga nilimofunga pesa.

"Ngoja," akasema bibi wa mikeka nyuma yangu. Alikuwa amenyanyuka kwenye mikeka yake, jambo alilokuwa halifanyi kwa urahisi, magoti yake yalivyokuwa. "Hiyo si ya shemeji yako, Mungu amrehemu?"

"Ndiyo yake, bibi. Namchukulia dada."

"Mwanangu. Hiyo mmeitoa sadaka. Mtu hainunui sadaka yake. Mfano wake waujua mwenyewe, sitaki kuutaja mbele ya vyombo vya watu."

Nilikuwa nikiujua: mbwa anayerudia matapishi yake. Kila aliyesoma chuo cha Kurani aliujua. Mkono wangu ukabaki kwenye pindo. Mzee wa baraza, aliyekuwa amesikia yote, akaiondoa kofia juu ya birika na kuitia chini ya majoho. "Nenda kaulize kwenu," akaniambia. "Mie siiuzi mpaka urudi."

Nilikwenda Wawi jioni ile ile. Nilipomwambia dada, uso wake ulifunguka kiasi kwamba nikamsahau bibi wa mikeka na maneno yake.

"Ipo? Umeishika?"

"Nimeishika. Jani lako lipo."

"Haikukatika ukingo?"

"Haikukatika kitu."

Kisha nikaona lile wazo likimfikia yeye pia, polepole, kama maji yanavyopanda ufukweni. "Usiinunue," akasema. "Tuulize kwanza. Marehemu sasa hana kitu mkononi mwake ila kile tulichomtolea. Nisije nikamnyang'anya thawabu kwa tamaa yangu."

Nilimwambia kofia ni kofia tu, Mungu ni mwingi wa rehema. Akanitazama. "Kama ni kofia tu, mbona umekuja mbio?"

Shehe wetu hakuwapo. Alikuwa amekwenda Wambaa kwenye maziko ya jamaa yake, na huko akashikwa kusoma hitima, kisha akashikwa kupatanisha watu waliogombana kwa shamba. Tulingoja. Kila siku nilijizuia kwenda kichochoroni, maana niliona nikienda nitainunua. Haikunijia kabisa kwamba kukaa mbali nako kungeweza kuwa na hatari.

Shehe aliporudi, mume wangu alimwendea baada ya sala na kumweleza. Alirudi nyumbani akitabasamu. Jibu la shehe lilikuwa hili: mjane asinunue, wala asimtume mtu kumnunulia. Lakini mdogo wake ana macho yake na pesa zake. Akipita njiani, kofia ikampendeza, akainunua iwe yake, kisha siku moja roho ikamtuma kumpa dadake zawadi, hakuna aliyeila sadaka yake hapo. "Na mwambie apite njiani mapema," shehe alimalizia.

Sikungoja hata alasiri. Nilikwenda jua likiwa kichwani.

Mzee wa baraza aliponiona alishika kichwa. Bibi wa mikeka hakushika kitu. Alikuwa akicheka, amefurahi kama mtu aliyekuandalia jambo.

"Nimekuondolea, mwanangu," akasema.

"Umeniondolea nini, bibi?"

"Kishawishi. Jana mzee kenda kusali, kaniachia baraza nimtazamie. Akapita bwana mmoja wa Unguja aliyekuja kwa shughuli za karafuu, ataka kofia. Nikasema moyoni, ikikaa hapa huyu mtoto ataona leo, ataona kesho, mwisho atavunjika, aje kumtia dada yake katika makosa. Nikaitoa chini ya majoho, nikamuuzia. Nimemuuzia vizuri, muulize mzee. Bwana yule kasafiri leo na meli ya asubuhi."

Nilikaa juu ya mkeka wake. Nilimweleza jibu la shehe kwa sauti ndogo, na nikaona kicheko kikimtoka usoni kidogo kidogo. Akachukua ukili wake akausuka, akakosea, akaufumua, akausuka tena. Mzee alisema, "Alitaka kheri." Nikasema najua. Sikuwahi kumkasirikia, na ikiwa msomaji amepata kupotezewa kitu na mtu aliyempenda, atajua kwamba hapo ndipo penye uzito: huna pa kuitua hasira yako.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Ilimkaa?"

"Nani?"

"Huyo bwana wa Unguja. Kofia ilimkaa?"

Sikuwa nimeuliza. Akanitaka niulize, na kesho yake nikarudi tena kwa bibi wa mikeka na swali hilo la ajabu. Hakuliona la ajabu. Aliweka ukili chini akafikiri kwa makini, kama shahidi mbele ya kadhi.

"Haikumkaa," akasema. "Ilisimama juu juu, kama kifuniko cha chungu kisicho chake. Bwana yule kichwa kipana. Lakini kaipenda, akaivuta akaivuta, akacheka, akenda nayo vivyo hivyo."

Nilizipeleka habari hizo Wawi kama zilivyo. Dada yangu akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba, na kilitoka kikubwa, mpaka akaziba mdomo kwa upande wa kanga kwa sababu alikuwa ndani ya eda na nyumba ilikuwa na watu.

"Marehemu alikuwa na kichwa kidogo," akasema. "Mamake alikuwa akimtania, kichwa cha kunazi. Nilipima mwenyewe kwa uzi." Kisha akakaa sawa. "Basi huyo bwana hatakaa nayo. Itambana, ataitoa. Ataiuza, au atampa mtu wa huku anayerudi. Utakuwa ukipita pale, sivyo?"

Nikasema nitapita.

Nilipita. Eda ikaisha, akawa akipita mwenyewe, ananyanyua kofia moja baada ya nyengine kwenye baraza ya mzee, anazigeuza ndani, na mzee anamwachia. Kila mtu tuliyemjua aliyekwenda Unguja aliagizwa atazame. Hakuwa na huzuni katika kutafuta kwake; alikuwa na hakika, na hakika ile ilimpendeza usoni.

Na mimi niliyekuwa nikimsindikiza sikuweza kumwambia neno ambalo mzee aliniambia pembeni siku ile niliporudi kuuliza kama ilimkaa, akitaka kunituliza, kwamba kofia haitupwi kwa udogo. Huloweshwa usiku, huvutwa juu ya tako la chungu, huachwa ikauke. Asubuhi huenea kichwa chochote.